Bunduki mpya ya Kimarekani kwa msimu wa kulungu: jibu langu kwa mkuu wa Erie

Mkuu, salaam. Nimeona wadau wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja, huyu "chukua", yule "achana nayo", bila kusema kwa nini. Mimi nawinda Pennsylvania hii hii na bunduki za bei hii ndizo nimezitumia, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mkuu, mwenzetu wa Erie, Pennsylvania, Marekani, ameuliza anunue bunduki gani ya kuwindia kulungu. Ana green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), kozi ya uwindaji amemaliza, na mfukoni ana dola 900 hivi za kila kitu. Dukani ameoneshwa Ruger American mpya, toleo la pili, kaliba (saizi ya risasi) .308. Shemeji yake anamwambia aiache, atafute Remington 700 ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika, au avumilie mpaka apate Tikka ya Finland, kwa madai kwamba bunduki za Marekani za siku hizi ni plastiki tupu. Na mkewe naye anataka kuanza kuwinda mwakani.

Nunua mpya, na nunua hiyo ya hapa hapa. Ila sababu isiwe bendera. Sababu ni kwamba kwa bei hiyo viwanda vya Marekani vimebanana kwa ushindani mpaka anayefaidika ni mnunuzi. Savage walipoleta Axis na Ruger wakaleta American mwaka 2012, bunduki ya bolti (chuma unachokivuta kwa mkono kuikoki) inayopiga vizuri ikashuka mpaka bei ambayo mfanyakazi wa ghala anaweza kuilipa bila kukopa. Gharama hawakuipunguza kwenye mtutu. Waliipunguza kwenye kitako (mwili mzima wa kushikia bunduki), kwenye kung'arisha chuma, na kwenye uzuri wa magazini (kisanduku cha risasi). Shemeji yako anaiona hiyo plastiki na anahukumu bunduki nzima kwa sehemu ambayo haigusi risasi. Mtutu wa Ruger ni wa kufuliwa kwa nyundo za mashine, na risasi inapotoka haijui kitako kilikuwa cha mti gani.

Kuhusu bolti yenyewe hauna cha kujiuliza. Pennsylvania hairuhusu raifo za kujikoki zenyewe kwa kulungu, kwa hiyo bunduki unayoikoki kwa mkono kila risasi ndiyo njia iliyonyooka.

Sasa hili la "imetengenezwa wapi" watu wengi wanalikosea. Jina la Kimarekani si hakikisho. Browning makao yao makuu yako Utah, lakini X-Bolt inatoka kiwanda cha Miroku, Japani. Weatherby Vanguard imejengwa juu ya mtambo (sehemu ya chuma inayobeba bolti) wa kampuni ya Howa, Japani vilevile. Winchester Model 70, ambayo wazee wa hapa wanaitaja kwa heshima kubwa, siku hizi inaunganishwa Ureno. Hizo zote ni bunduki nzuri, sizisemi vibaya, ila kama lengo lako ni ya hapa, usisome tangazo, soma chuma. Sheria ya shirikisho inamtaka mtengenezaji achonge jina lake, mji na jimbo, na iliyotoka nje ichongwe nchi ilikotoka pamoja na jina la aliyeiingiza. Inamisha mtutu kwenye mwanga wa dukani utayaona. Ruger American utasoma Mayodan, NC. Savage utasoma Westfield, MA. Mossberg Patriot wanaitengenezea Eagle Pass, Texas.

Faida ya kuwa ya hapa utaiona siku ina hitilafu. Unapiga simu kiwandani, wanakutumia lebo, inakwenda na kurudi ndani ya nchi hii hii, na vipuri viko kila mahali. Kuna wanaosema pia kwamba ukinunua ya Marekani unachangia hifadhi ya wanyama. Kodi ya asilimia 11 ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ipo kweli, na fedha zake zinakwenda majimboni kutunza wanyamapori, lakini anatozwa mtengenezaji na anatozwa mwingizaji pia. Ukinunua Tikka umechangia sawasawa.

Nije kwenye hoja za shemeji. Tikka ni bora mkononi, sitabisha. Bolti yake inateleza tangu siku ya kwanza. Lakini utaongeza dola mia na kitu, na hiyo ndiyo hela ya darubini ya kulengea. Bunduki nzuri yenye darubini mbovu ni hasara kuliko bunduki ya kawaida yenye darubini safi, hasa huku kwetu ambako kulungu anatoka kwenye miti dakika za mwisho za mwanga. Darubini ya bei ya chini kabisa inatia ukungu ndani saa hiyo hiyo unayoihitaji.

Remington 700 ya mkononi ndiyo ningekuwa nayo makini zaidi. Bunduki hiyo ipo tangu 1962 na ina sifa yake. Lakini zilizotengenezwa na triga ya X-Mark Pro kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014 kampuni yenyewe iliziita zirudi, kwa sababu zingeweza kufyatuka bila triga kuvutwa. Za zamani zaidi, zenye triga iliyoitangulia hiyo, nazo zilikuwa na kesi mahakamani miaka na miaka. Anayekuuzia ya mkononi huenda hajui kama yake ilipelekwa kurekebishwa. Kampuni ile ya zamani ilifilisika na kugawanywa vipande mwaka 2020, na kiwanda cha Ilion, New York, kimefungwa 2024. Mtu anayejua kukagua triga aendelee nayo. Wewe ni bunduki yako ya kwanza, na nyumbani una familia. Chukua mpya.

Ukifika dukani, fanya hivi. Mwombe muuzaji afungue bolti mbele yako, kisha wewe mwenyewe tazama chemba (tundu risasi inamokaa kabla ya kufyatuliwa), ingiza na kidole, hata kama umemwona akiitazama. Mtutu uelekee pasipo na mtu muda wote. Halafu chukua karatasi nyembamba, noti ya dola moja inatosha, ipitishe kati ya mtutu na sehemu ya mbele ya kitako, ile unayoishika kwa mkono wa kushoto, uivute kuelekea kwenye chemba. Ipite bila kukwama. Baada ya hapo bana kitako na mtutu kwa vidole, kwa nguvu ya kawaida tu, urudie. Bunduki yangu ya kwanza, ya bei ya chini, jina siliweki hapa, noti ilipita vizuri mpaka nilipobana, hapo ikakwama upande wa kulia. Maana yake ni kwamba plastiki inaugusa mtutu: ukiilaza juu ya begi inapiga sehemu moja, ukiifunga mkanda na kuuvuta mkononi inapiga kwingine. Nilichukua msasa nikaukunja kwenye kipande cha bomba, nikaparuza plastiki ya ndani taratibu mpaka noti ikapita hata nikibana. Ikatulia. Toleo la pili la Ruger kitako chake ni kigumu zaidi, lakini pima hiyo hiyo utakayokwenda nayo nyumbani, si ile ya maonyesho.

Koki bolti mara kadhaa huku bunduki iko begani. Ikikwaruza kidogo usiogope, bolti mpya za bei hii zote zinakwaruza na zinalainika kwa matumizi na tone la mafuta. Kitu cha kuogopa ni bolti inayokwama ukiivuta kwa kasi, maana porini hutaikoki polepole. Sikiliza na sefti (kifungio cha usalama). Ya toleo hili ina nafasi tatu, na ile ya katikati inakuwezesha kutoa risasi kwenye chemba huku sefti bado imefunga. Kwa nyumba yenye watoto na kwa mtu anayepanda kwenye jukwaa la mtini, hicho ni kitu kikubwa kuliko uzuri wa mbao.

Mkeo naye nenda naye dukani. Hili nalisisitiza, kwa sababu wanaume wengi tunanunua kwa bega letu halafu tunashangaa mwenzetu anapofumba macho kabla ya kufyatua. Kitako cha toleo la pili kinafupishwa kwa kutoa kipande cha nyuma, na sehemu ya shavu inabadilishwa urefu, kwa hiyo bunduki moja inaweza kuwatosha wawili. Ila kaliba mkae muijadili. .308 imekuwepo tangu 1952, risasi zake zipo duka lolote la kijijini, na kulungu wa mkia mweupe hajawahi kuishinda. Teke lake (inavyokusukuma begani ukifyatua) kwa mtu mdogo linachosha baada ya risasi chache za mazoezi. 6.5 Creedmoor, iliyoletwa na kampuni ya risasi ya Hornady mwaka 2007, inapiga teke dogo zaidi na kwa misitu yetu, ambako hupati nafasi ya kulenga mbali, kulungu hatatofautisha. Kama ni yako peke yako, .308. Kama kweli mtagawana, mimi ningechukua 6.5.

Hesabu ya dola 900: Ruger walitangaza toleo hili kwa dola 729 mwishoni mwa 2023, madukani mara nyingi inauzwa chini ya hapo. Reli ya kufungia darubini inakuja nayo kutoka kiwandani, kwa hiyo unahitaji pete za kuishikilia tu. Kinachobaki kiweke kwenye darubini ya kukuza mara 3 mpaka 9, basi, huhitaji zaidi. Ukiona Gen II (hilo toleo la pili) inakula hela ya darubini yote, shuka kwenye Savage Axis, usishuke kwenye darubini. Na usichukue ile ya kifurushi inayokuja tayari imefungwa juu ya bunduki kama unaweza kuikwepa.

Upande wa sheria, wewe mwenye green card unaruhusiwa kununua. Utajaza fomu 4473 (fomu ya shirikisho ya kununua silaha), utaandika namba yako ya uhamiaji, na duka litakukagua kupitia mfumo wa polisi wa jimbo. Nenda na kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa. Jaza ukweli mtupu. Na wapo ndugu zetu huku kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi: hao kwa kawaida hawaruhusiwi hata kuimiliki, isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Usimnunulie mtu bunduki kwa jina lako, hata awe ndugu wa tumbo moja. Kwa sisi tusio raia, kosa la silaha halikupeleki mahakamani tu, linaweza kukutoa nchini kabisa.

Ukishaichukua, nunua masanduku mawili ya risasi za kampuni tofauti, uzito mmoja, kabla hujanunua za msimu mzima. Piga za kwanza tatu tatu kwa umbali wa yadi 100, acha mtutu upoe kati ya kundi na kundi, uone inapenda zipi. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kuchagua risasi tofauti. Ukimaliza weka picha za karatasi zako za shabaha hapa, na utuambie noti ilipita au ilikwama.