Maswali na majibu: Nataka kuwa mwanasaikolojia wa watoto

Nilipoandika kuhusu watoto wanaokataa kwenda shule, nilitarajia maswali ya wazazi. Yalikuja, lakini mengi zaidi yalihusu kazi yangu yenyewe, ya mwanasaikolojia tiba wa watoto: inasomewaje, inalipa, inafanywa vipi. Leo najibu hayo. Majina nimeyaacha.

Shikamoo dada. Niko kidato cha nne, Voi. Nataka kuwa mwanasaikolojia tiba wa watoto. Lazima nisome udaktari kwanza? Ni miaka mingapi?

Marahaba, mdogo wangu. Si lazima. Anayesoma udaktari kisha akabobea ni daktari wa magonjwa ya akili, na huyo ndiye anayeandika dawa. Sisi wanasaikolojia tiba tunapita njia nyingine: shahada ya kwanza ya saikolojia, miaka mitatu au minne kutegemea nchi na chuo, halafu shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, kwa kawaida miaka miwili. Kenya inafundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, USIU na Daystar. Tanzania iko Muhimbili, pale chuo kikuu cha afya, MUHAS. Uganda iko Makerere. Anayetaka kufundisha chuoni au kuongoza utafiti huongeza uzamivu (PhD). Kwa kuwa uko Kenya, ujue pia kuna sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kusajili watu wa fani hii. Cheti bila usajili hakikupi ruhusa ya kuhudumia watu.

Miaka ndiyo hiyo, ila mimi ningependa uulize jambo jingine. Programu nyingi za kwetu hufundisha saikolojia tiba kwa jumla. Watoto ni somo moja au mawili pamoja na zamu za mafunzo kwa vitendo, na ukipangiwa wodi ya watu wazima tu, unaweza kuhitimu vizuri huku mtoto wa miaka mitano ukiwa hujawahi kukaa naye saa nzima. Kwa hiyo ukienda kuulizia chuo, waulize hivi: nitahudumia watoto wangapi, na nani atakuwa ananitazama nikiwahudumia?

Hilo la kutazamwa ndilo lililonifundisha kazi. Msimamizi wangu alikuwa akikaa kona ya chumba na daftari, hasemi neno. Mtoto akishaondoka ananiuliza: "Pale alipokaa kimya, mbona uliharakisha swali jingine? Ulikuwa unamsaidia yeye au unajisaidia wewe?" Hakuna mtihani wa karatasi uliowahi kunitoa jasho kama maswali yale. Chuo chenye majengo ya kawaida na wasimamizi wa namna hiyo kitakufaa kuliko chuo chenye jina kubwa kinachokutupa kliniki peke yako.

Mimi ni muuguzi wodi ya watoto, Tanga, nina diploma. Naweza kuingia moja kwa moja kwenye uzamili?

Hapana dada, diploma haikufikishi huko. Lazima upite shahada ya kwanza. Baada ya hapo, masharti hutofautiana chuo na chuo, kwa hiyo waandikie wakujibu kwa maandishi kabla hujalipa ada ya maombi. Usiione miaka ya wodini kama imepotea. Mtu aliyemshika mtoto wa degedege usiku, huku akimtuliza mama yake kwa wakati huohuo, anakuja darasani na kitu ambacho sisi wengine tulikipata kwa shida.

Mwanangu wa miaka sita anaonana na mwanasaikolojia hapa Mombasa. Kila nikichungulia namkuta anacheza na magari na udongo. Nalipia acheze?

Mama, swali lako ni la haki, na huyo mtaalamu angepaswa kukueleza mapema. Mtoto wa miaka sita hawezi kuketi kitini akakwambia, "Tangu mlipotengana na baba nina hofu kwamba nawe utaondoka." Ila anaweza kupanga wanasesere ndani ya nyumba, akamtoa mmoja nje, akafunga mlango, akaendelea kumrudisha na kumtoa mara kumi. Aliyefundishwa anaangalia mengi hapo: mchezo unajirudia au unasonga? Mtoto anamwomba mtu msaada au anahangaika peke yake? Kukitokea kishindo nje anashtuka kiasi gani, na anachukua muda gani kutulia? Magari yanapogongana, je, kuna anayekuja kuokoa? Kisha mtaalamu anaingia ndani ya mchezo ule, kwa kiasi, na kuupa njia ambayo mtoto hakuwa nayo.

Sasa nami nikuulize: wewe umeitwa mara ngapi? Kwa umri huo, kazi kubwa huwa na wazazi. Mtoto yuko kliniki saa moja kwa wiki, saa zilizobaki yuko kwenu. Matatizo ya ukaidi na hasira kwa watoto wadogo hutibiwa zaidi kwa kumfundisha mzazi namna ya kutoa agizo moja lililo wazi, kusifia lile lililofanywa vizuri papo hapo, na kutotishia adhabu ambayo hataitimiza. Ikiwa mwezi mzima umepita na hujaketi na mtaalamu huyo, mwombe nafasi wiki hii. Mwulize analenga nini na mtajuaje kwamba kuna mabadiliko. Mwenye kuijua kazi yake hatakasirika.

Mimi ni mwalimu wa msingi, Kilifi. Vipimo vya akili vinavyotumika vimetungwa Ulaya na Marekani. Mnaviaminije kwa watoto wetu?

Mwalimu, kwanza fahamu kwamba fani hii ilizaliwa kwa swali la mwalimu. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Lightner Witmer alifungua kliniki inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya saikolojia duniani, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mvulana aliyeshindwa kuandika tahajia sahihi, aliyeletwa na mwalimu wake. Watu wazima walikuja baadaye.

Kuhusu vipimo, wasiwasi wako una msingi. Chukua kipimo kimoja cha kawaida: mtoto anasomewa tarakimu, naye azirudie kwa mpangilio uleule. Tarakimu za Kiingereza karibu zote zina silabi moja. Zetu, kuanzia moja hadi tisa, kila moja ina mbili. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba maneno machache zaidi yakiwa marefu, kwa hiyo mtoto anayehesabu kwa Kiswahili anabebeshwa mzigo mzito zaidi, kisha analinganishwa na mtoto wa Ohio, Marekani. Ongeza picha za vitu asivyowahi kuviona, ongeza saa ya kupimia kasi mbele ya mtoto aliyelelewa kutomjibu mkubwa kwa pupa, halafu mumwandikie ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa! Ripoti kama hiyo inaweza kumfuata miaka yote ya shule.

Dawa yake ni kutunga vipimo hapahapa na kuvijaribu kwa watoto wa hapahapa, na mji wako umetangulia katika hilo. Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza pale Kilifi kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachotumia kazi na vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavifahamu, na utafiti wake ulichapishwa mwaka 2008. Hata nadharia kubwa tunazosoma si zote zimetoka Ulaya na Marekani. Mary Ainsworth, ambaye kila mwanafunzi wa saikolojia ya watoto humsoma kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi, alianza kuona aliyoyaona kwa kuwatembelea akina mama 26 vijijini karibu na Kampala, miaka ya 1954 na 1955. Mizizi ya nadharia ile iko kwenye sebule za Baganda, na wanafunzi wetu wanastahili kuambiwa hivyo.

Kwako darasani, kabla ya kipimo chochote cha akili, omba mtoto apimwe masikio na macho. Uliza kama aliwahi kuugua malaria kali ya kichwani au ana kifafa. "Hasikii" na "hataki kusikia" ni mambo mawili, na nimeletewa watoto wasiosikia wakiwa wamechapwa miaka kwa kudhaniwa hawataki kusikia.

Nasoma shahada ya kwanza Nairobi. Naona siku hizi vijana wa kawaida wanafundishwa wiki chache na kutoa huduma kwa watoto. Kwa nini nisome miaka yote hii? Na kazi zipo?

Nimelifikiria swali hili sana. Ni kweli, na ushahidi upo. Bungoma na Moshi, watoto yatima 640 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopewa tiba ya kiwewe na majonzi walihudumiwa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili, waliofundishwa kazi hiyo mahususi, na katika maeneo mengi walipata nafuu kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Mimi nafurahi. Watoto ni wengi mno kusubiri sisi wachache tuliojazana mijini.

Lakini tazama nyuma ya huduma ile. Kuna aliyeifanyia marekebisho iendane na mazingira, aliyewafundisha wale watoa huduma, anayekutana nao kila wiki kupitia kila mtoto, na anayesema, "Huyu ametuzidi uwezo, apelekwe hospitali leo." Huyo ndiye wewe baada ya miaka sita. Ukisomea kazi hii ukidhani utakaa ofisini na mtoto mmoja mmoja maisha yako yote, utaikuta nafasi ni finyu. Ukijifunza kusimamia wengine, utahitajika.

Kuhusu ajira sitakudanganya. Nafasi za serikali ni chache na huchelewa. Hospitali za rufaa kama Kenyatta na Mathari zina wanasaikolojia, shule za kimataifa huajiri, mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab hutafuta watu lakini kwa mikataba mifupi, na wengi hujazia kwa kliniki binafsi na kufundisha. Miaka miwili mitatu ya mwanzo ni migumu. Jipange kwayo, na usikubali kujitolea mahali ambapo hakuna wa kukusimamia. Hapo hutapata pesa wala elimu.

Nafanya uzamili, niko kwenye mafunzo kwa vitendo Dodoma. Mtoto akiniambia anaumizwa nyumbani na kuniomba nisimwambie mtu, siri yake naiheshimu vipi?

Humwahidi siri hiyo, tangu siku ya kwanza. Kabla hamjaanza kucheza wala kuchora, mwambie kwa maneno ya umri wake: "Tunayoongea hapa yanabaki hapa. Ila nikisikia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, nitawaambia wakubwa wa kutusaidia, na nitakwambia kabla sijawaambia." Watoto wanalielewa hilo vizuri.

Akishasema, usimhoji kama polisi. Maswali ya kumwongoza yanaweza kuharibu ushahidi na kumchosha bure. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyatamka, mwambie amefanya vyema kusema. Siku hiyohiyo mjulishe msimamizi wako na afisa ustawi wa jamii. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote kutoa taarifa, sembuse wewe. Namba 116 ni bure, Tanzania na Kenya. Usimwite mzazi anayetuhumiwa "mzungumze kwanza". Najua familia zetu hupenda kuyamaliza ndani, na najua utaambiwa umevunja nyumba ya watu. Utaambiwa, na utatoa taarifa vilevile. Usiku huo usikae peke yako na jambo hilo: mpigie msimamizi wako hata kama mmeshaongea mchana.

Binti yangu amezaliwa Leicester, anataka kazi hii. Njia ya Uingereza ikoje?

Ndefu na yenye ushindani. Anahitaji shahada ya saikolojia inayotambuliwa na British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia cha huko, uzoefu wa kazi, mara nyingi kama msaidizi wa mwanasaikolojia, kisha uzamivu wa saikolojia tiba wa miaka mitatu. Nafasi nyingi za uzamivu huo zinagharamiwa na NHS, huduma ya afya ya taifa, na mwanafunzi hulipwa mshahara. Akimaliza anasajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa fani hii huko. Mwambie asiache Kiswahili. Kuna familia huko zitakazohitaji mtu wa kuwasikiliza bila mtoto wao kugeuzwa mkalimani wa mama yake.

Mimi ni mwanamume, Bukoba. Watu wananiambia watoto ni kazi ya wanawake. Nisonge mbele?

Songa, kaka. Kuna wavulana wanaoletwa kliniki ambao hawajawahi kuongea na mwanamume asiyewafokea. Kwa usalama wao na wako, fanya kazi kwenye chumba chenye kioo mlangoni, mlezi awe jirani, na kumbukumbu ziandikwe siku hiyohiyo. Sisi wanawake nasi tunafuata utaratibu huohuo.