Vitabu vya nyumbani vipange kwa namba, sio kwa urefu

Jamani nyie wa Lindi na Mtwara mnaokusanya vitabu, viwe vya shule, vya dini au vya watoto wa mtaani, acheni kuvipanga kwa urefu. Kabati linapendeza kweli, ila akija mtu anataka cha korosho mnaanza kupekua kimoja kimoja.

Mi hapa Lindi natumia Dewey, mfumo alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876 na mpaka leo maktaba nyingi duniani zinautumia. Kila somo lina namba yake, 500 sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Kilimo ni 630, na kwa kabati la nyumbani hapo panatosha kabisa, korosho, ufuta, muhogo vyote vikae pamoja.

Panapowachanganya wengi ni nukta. Historia ya Kenya ni 967.62, ya Tanzania 967.8, sasa ipi inatangulia? Mtu anaona 62 ni kubwa kuliko 8 basi anaanza na Tanzania. Hapana, baada ya nukta unasoma tarakimu moja moja, 6 inakuja kabla ya 8, kwa hiyo Kenya kwanza.

Halafu kuna vitabu vyenye kwao kuwili. Mfano kitabu kuhusu Tendaguru yetu, pale Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria 1909 mpaka 1913 ikapelekwa Berlin, kikae 567.9 kwenye dinosaria au 967.8 kwenye historia? Mi naangalia mwandishi kazama wapi zaidi, kama ni mifupa yenyewe kinaenda 567.9, kama ni wale wapagazi wetu walioibeba kichwani mpaka bandari ya Lindi, na mi hao ndo nataka watoto wawasome, kinaenda 967.8. Ila kwenye daftari la orodha nakiandika sehemu zote mbili, maana kitabu kinakaa sehemu moja tu lakini wanaokitafuta wanatokea kokote.

Lebo bandika chini mgongoni, namba juu, chini yake herufi tatu za jina la mwandishi, halafu pitisha selotepu pana izunguke, huku kwetu pwani unyevu unabandua karatasi fasta sana. Kabati lisigusane na ukuta, mchwa wanapitia hapohapo. Na kila rafu iache na nafasi mwishoni, ukiletewa cha 630 kingine usianze kuhamisha kabati zima.