Doa la pili kwenye pafu: uliza liko sehemu gani

Dada uliyeuliza kama doa jipya kwenye mapafu ya mama ni kansa nyingine au ni ile ile imesambaa, pole sana. Nilimuuguza baba mdogo, tukitoka Busia hadi Taasisi ya Saratani pale Mulago, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoelezwa na madaktari.

Kwanza wahakikishe doa ni la nini. Huku Uganda TB ni nyingi, na kwenye picha kovu lake laweza kufanana na kansa. Baba mdogo alimezeshwa dawa za TB muda mrefu kabla hajachukuliwa kinyama cha kupima, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kama ni kansa, hutambaa yenyewe ikala nyama ya jirani. Wakati mwingine seli hubanduka, zikapita kwenye vifuko vya hewa na kuota pembeni. Zaidi hupita mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili: huanzia tezi zilizo kwenye shina la pafu, halafu za katikati ya kifua. Seli zikiijaza mishipa hiyo, mgonjwa huhema kwa shida hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo. Sisi tulikuwa tunaangalia ukubwa wa uvimbe tu, kumbe pumzi ilikuwa inakatwa na kitu kingine. Pia damu huweza kuzibeba hadi pafu la pili.

Sasa muulize daktari doa liko wapi hasa. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Likiwa sehemu moja na uvimbe wa kwanza, au sehemu nyingine ya pafu hilo hilo, huenda upasuaji au mionzi bado vinawezekana, kutegemea tezi zikoje. Likiwa pafu la pili, na vipimo vikaonyesha ni kansa ile ile, hiyo huhesabiwa hatua ya nne, yaani ya mwisho, kansa imeshasambaa. Lakini mtu anaweza kupata kansa mbili tofauti za mapafu, na matibabu hubadilika, ndiyo maana msikubali jibu la picha peke yake.

Na mama akijaa maji kifuani, yakivutwa ombeni mengine yapelekwe maabara kutafutwa seli za kansa. Zikipatikana, utando unaofunika pafu umeshaingiliwa. Yakirudi kila mara, ulizeni kuhusu dawa ya kuunatisha utando huo na ukuta wa kifua, ili asichomwe sindano tena na tena.