Kabla Hujaongeza Vyumba vya Kupangisha, Tazama Njia

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza safari za Kimara hadi Kivukoni mwaka 2016, wapangaji walimiminika mtaani kwetu Kimara, Dar es Salaam. Kila mwenye uwanja akajenga. Mimi niliongeza vyumba vinne nyuma ya nyumba, ukuta wa mwisho ukakaribia kugusa mpaka wa jirani. Baada ya miaka miwili shimo la choo likajaa. Gari la kunyonya maji taka liliishia barabarani, mipira ikaungwa na kupitishwa katika nyua za watu, na kila mpira ulioongezwa niliulipia. Wasio na fedha walisubiri mvua wakatapisha vyoo. Kimara ni vilima na makorongo. Uchafu wetu uliteremka kwa waliojenga bondeni, wenye watoto kama wetu. Sikulala vizuri masika yale.

Ndiyo maana niliingia kamati ya urasimishaji ya mtaa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaruhusu makazi yaliyoota bila mpango yapangwe na kupimwa palepale yalipo, watu wasihamishwe wote.

Nisieleweke vibaya, sipingi watu kubanana. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao milioni 4.4, ya 2022 ikakuta milioni 5.4. Watu hao lazima walale mahali, na ni afadhali walale karibu na usafiri kuliko kusukumwa kila mwaka nje zaidi ya mji. Tazama Sinza: viwanja vidogo, vilivyopimwa miaka ya 1970, leo vimejaa nyumba za kupanga na maghorofa, na bado gari linapita, kwa sababu njia zilitangulia nyumba. Kwetu nyumba zilitangulia.

Mchoro wa kwanza wa kuupanga mtaa wetu ulikuja na njia za mita sita. Mkutano ukavunjika kwa kelele, na nadhani kosa lilikuwa letu kamati: tuliwabandikia watu ukutani jambo lililokwisha kuamuliwa. Mara ya pili tulichukua kamba na vigingi, tukaenda na wajumbe wa mashina nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alioneshwa kwa macho yake atakatwa hatua ngapi, na jirani wa ng'ambo ngapi. Mama mmoja mjane, njia ilimpitia katikati ya jiko na bafu. Tulichangishana matofali, saruji na fundi, tukamjengea vingine upande wa pili kwanza, ndipo vya zamani vikabomolewa. Baada ya hapo hata wabishi walianza kung'oa fensi wenyewe. Penye nyumba imara tulikubali mita nne, tukaacha upana wa kupishana mbele kidogo.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujenga sasa, nenda kwanza ofisi ya mtaa uulize kama kuna mchoro wa mipango miji, kisha uupeleke kwa afisa mipango miji wa manispaa akuoneshe kiwanja chako kiko wapi na kimetengwa kwa matumizi gani. Ukiuza kipande cha nyuma, njia ya mnunuzi ipimwe na kuandikwa kwenye mkataba siku hiyohiyo, majirani wakiwa mashahidi. Maneno ya "atapita hapa tu" hufa pamoja na wazee walioyasema. Na hesabu choo kabla ya vyumba: shimo lililotosha familia moja halitoshi familia tano.

Wanaogawana urithi nawasihi zaidi. Msikate ardhi vipande vyembamba kama mkate. Mkijaliwa uwezo, jengeni kwenda juu, kwa kibali na kwa mhandisi anayejua udongo wa pale, muuache uwanja upumue. Tangu 2008 sheria inaruhusu sehemu ya jengo kuwa na hati yake, kwa hiyo ndugu watatu wanaweza kumiliki sakafu tatu bila kugombania kiwanja kimoja.

Eneo la wazi hatukulipata. Kila kipande kilikuwa tayari na msingi wa mtu juu yake. Jioni watoto wanacheza mpira kwenye ile njia ya mita sita, na bodaboda ikija wanasogea ukutani, ikipita wanaendelea.