Msimbo ni wa Wote, Jina Lina Mwenyewe

Maswali ya wasomaji kuhusu programu huria

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Tuna duka la kompyuta zilizotumika hapa Arusha, maeneo ya Kilombero. Tunasakinisha Ubuntu (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta), tumeongeza programu za shule, kamusi na picha ya Mlima Meru, kisha tukatengeneza ISO yetu (faili moja la kusakinishia mfumo mzima) tunayoiita "Ubuntu Arusha". Leseni inaruhusu kubadili na kuuza, ila mteja mmoja anasema jina hatuna ruhusa nalo. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, na mteja huyo mshukuruni. Leseni ya programu huria inawapa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe: kuusoma, kuubadili, kuunakili, hata kuuza nakala. Jina na nembo viko chini ya sheria nyingine, ya alama za biashara, ambayo kazi yake ni kumwezesha anayeona jina kujua kitu kimetoka kwa nani. Mfumo mlioubadilisha ukigoma kuwaka, mteja atawalaumu watu ambao hawajaugusa. Neno "ubuntu" lenyewe ni la Kibantu, ndugu wa "utu" wetu, na hakuna wa kutuzuia kulitamka. Lakini kwenye mifumo ya kompyuta alama hiyo ni ya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu.

Sera yao inasema hivi: nakala isiyoguswa mnaweza kuisambaza. Iliyobadilishwa, kama itabeba jina lao, lazima waikubali wao. La sivyo mwondoe alama zao na mjenge upya vifurushi (mafungu ya programu yanayosakinishwa) kutoka kwenye msimbo. Hapo ndipo mafundi hukwama. Hubadili picha ya ukutani wakadhani wamemaliza, kumbe jina limebaki kwenye picha ya kuwashia, kwenye faili la /etc/os-release, kwenye kisakinishi na kwenye kurasa za msaada. CentOS, mfumo mwingine huria, ilijengwa kwa kazi hiyohiyo: msimbo wa Red Hat Enterprise Linux, mfumo wa kampuni ya Red Hat, ulichukuliwa, jina na nembo vikafutwa kila mahali, kisha vifurushi vikajengwa upya.

Kwa duka la ukubwa wenu, huo ni mzigo usio na sababu. Wekeni ISO halisi kama ilivyotoka, halafu programu za shule ziwe kifurushi cha pembeni chenye jina lenu, kinachosakinishwa baadaye. Kwenye kibandiko andikeni: "Kompyuta hii ina Ubuntu. Programu za shule tumeongeza sisi; hatuna uhusiano na Canonical." Hayo ni maelezo ya kweli. Ila jina hilo lisiingie kwenye jina la duka, na msilitumie kwenye kikoa (anwani ya tovuti) wala kwenye fulana za kuuza bila ruhusa yao.

Mkiamua kuomba, msiandike tu "tunaweza kutumia nembo yenu?" Swali hilo halijibiki. Tajeni jina kamili mnalotaka, litaandikwa wapi, mmebadili nini kwenye programu, kama mnalipwa, nchi gani na kwa muda gani. Ambatisheni picha ya bango lenyewe. Msichapishe kitu kabla ya jibu la maandishi. Wakikaa kimya, hamjaruhusiwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu Moshi, nafundisha wenzangu kutumia Moodle (programu huria ya kufundishia mtandaoni) kwa malipo. Bango liseme "Mafunzo ya Moodle"?

JIBU: Hapana, mwalimu, si kabla ya kuwaandikia wenye jina. Msimbo wa Moodle uko chini ya leseni huria ya GPL, kwa hiyo kuusakinisha na kuufundisha hakuna tatizo. Lakini kutangaza huduma za kibiashara kwa jina hilo, mafunzo yakiwemo, kunahitaji ruhusa yao. Kichwa cha bango kiwe "Mafunzo ya kufundisha kwa mtandao".

SWALI: Sisi ni vijana watatu wa Moshi. Tumeandika programu ya kupima na kulipa kahawa kwenye vyama vya msingi, tukaitoa kwa leseni huria ya Apache 2.0. Sasa kuna mtu anauza toleo lenye makosa ya mizani kwa jina letu. Tumlinde vipi mkulima?

JIBU: Kifungu cha 6 cha leseni hiyo tayari kinasema haitoi ruhusa ya kutumia alama zenu, isipokuwa kueleza kazi ilikotoka. Kwa hiyo hamjagawa jina. Kilichobaki ni kuamua nani analishika. Asiwe mmoja wenu peke yake, maana akiondoka ataondoka nalo. Alama ya Debian, mfumo huria wa kompyuta, inashikwa na shirika la Software in the Public Interest. Ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ilihamishiwa kwa taasisi yake mwaka 2010. Nalo jina la Linux liliombewa usajili Marekani mwaka 1994 na mtu asiyehusika, akaanza kudai malipo, na ni 1997 tu ndipo lilipofika kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Nendeni mapema BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Ombeni alama isajiliwe katika daraja (kundi la bidhaa au huduma) la 9 kwa programu na la 42 kwa huduma za kompyuta. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Unahusu Tanzania Bara tu. Zanzibar ina usajili wake.

Sera yenu iwe ukurasa mmoja: kipi huru kwa wote (kutaja jina kwa ukweli), kipi kinaombwa, kipi hakikubaliki. Msibane mno. Mwaka 2006 Mozilla na Debian walishindwa kuafikiana kuhusu jina na nembo ya Firefox, kivinjari cha Mozilla, na watumiaji wa Debian wakaishi na kivinjari hicho kikiitwa Iceweasel hadi 2016. Rasimu ya sera ya Rust Foundation, taasisi ya lugha ya programu ya Rust, ya 2023 nayo ilipingwa na wanajumuiya wake wenyewe, ikabidi iandikwe upya.

Kwa huyo muuzaji, barua ya kwanza iwe ya kiungwana. Mwonyesheni picha ya skrini yenye jina lenu, mtajieni kosa la mizani, mpeni siku 30 abadili jina na nembo. Msimdai aondoe programu. Leseni mliyoichagua inamruhusu kuendelea nayo kwa jina lake.