Vijiti vya rangi vya zamani vinanikatikia

SWALI: Mwalimu mstaafu wa ufundi kanipa kisanduku cha vijiti vya rangi vya zamani, vile vya kuingiza kwenye penseli ya kubonyeza. Nataka kuchorea miamba ya Capri Point kando ya ziwa, lakini vinakatika mdomoni mwa penseli, vingine havipiti, na vimepata ukungu mweupe. Vimeharibika?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, ukungu huo ni nta iliyojitokeza juu, ufute kwa kitambaa laini kikavu. Nta hiyohiyo ndiyo chanzo cha kukatika. Kijiti cheusi ni grafiti na udongo vilivyochomwa tanurini, kwa hiyo ni kigumu. Cha rangi hushikizwa kwa nta na gundi bila kuchomwa, na meno ya penseli hukibana hadi kikapasuka.

Kwanza pima unene kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene wa vitu vidogo. Penseli kama Staedtler Mars 780 hubeba vijiti vya milimita 2; vijiti vya 3.15 na 5.6 vina penseli zake. Kikigoma, usisukume. Kama kimezidi kidogo sana, kiviringishe taratibu juu ya msasa laini. Kipande kikinasa, fungua kifuniko cha nyuma, bonyeza meno yaachie, kisha kisukume kwa kijiti cheusi kizima.

Ukibonyeza, kinga ncha kwa kiganja: kijiti huteremka chote, na kikigonga sakafu hupata nyufa usizoziona, kikaendelea kukatika kila unapochonga. Toa milimita 3 au 4 tu nje ya meno. Noa kwa msasa; kichongeo cha kuzungusha huzibwa na nta. Usitafute ncha kali kama ya kijiti cheusi. Juani mchana nta hulainika, basi pale ziwani weka kisanduku kivulini.

Sasa jambo la kuzingatia sana. Ukikuta kijiti kinachoandika kijivu chenye uzambarau, dondoshea maji juu ya mstari. Ukigeuka zambarau iliyokolea kama wino, hicho ni cha kunakilia, yaani cha penseli za zamani za kutolea nakala za maandishi, chenye rangi ya kemikali iitwayo anilini. Usikilambe, wala usiguse macho kabla ya kunawa, kwani chembe yake hudhuru jicho vibaya. Kiweke mbali na vingine.

Rangi nyingi za zamani, hasa za waridi na zambarau, hupauka. Chora mstari wa kila rangi, funika nusu kwa kadi nene, bandika dirishani penye jua kwa mwezi mmoja. Zitakazopauka zibaki za daftari la mazoezi. Picha ya kutundika ukutani ichorwe kwa zilizobaki.