Uliza Fundi: Beringi mbili kwa miezi miwili, na gari bado yaunguruma

SWALI

Salaam aleikum fundi. Nina Mazda MX-5 ya 1999, ile ndogo ya viti viwili na paa la turubai, nilinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anahama Malindi kurudi kwao. Gari tamu sana, shida ni gurudumu la nyuma kushoto. Nikishapita sitini inaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga mahindi, nikitoka Gede mpaka nafika mjini hata redio siisikii. Fundi akasema ni beringi, tukabadilisha, ikatulia wiki tano hivi ikarudi. Tukabadilisha tena, hii ya pili haikumaliza hata mwezi. Sasa fundi aniambia spea za siku hizi zote feki, muuzaji naye asema fundi hajui kazi, na mimi niko hapo katikati mfuko umetoboka. Nani mkweli?

Mwenye gari, Barani, Malindi

JIBU

Wa aleikum salaam kaka. Kuna kitu kimoja hukukiandika na ndicho ninachotaka kujua: hizo beringi ziliingizwa na nini? Manake kama jibu ni nyundo na kipande cha bomba, basi tushamaliza nusu ya maneno. Feki zipo, sikatai, lakini mbili mfululizo, gurudumu moja, fundi mmoja, mimi macho yangu yanaenda kwa nyundo kwanza kabla ya duka.

Sikiza inavyokuwa. Beringi ya nyuma ya hiyo gari ina pete mbili za chuma, moja ya nje moja ya ndani, na katikati yake gololi. Ile pete ya nje inakaa imebana kabisa ndani ya kile chuma kikubwa kinachobeba gurudumu, na habu, yaani ile sahani yenye bolti za kufungia ringi, shingo yake inabana ndani ya pete ya ndani. Sasa ukiigonga beringi iingie mahali pake huku unapiga pete ya ndani, nguvu yote ya nyundo inapita kwa gololi kabla haijafika pete ya nje, na kila gololi inaacha kishimo kwenye njia yake. Kishimo chenyewe hukioni, ukizungusha kwa mkono ni laini kama mpya, lakini gari ikiwa barabarani zile gololi zinapita juu ya vile vishimo maelfu ya mara, vinapanuka, vinamenyeka, na baada ya wiki chache ndio hiyo mashine yako ya kusaga. Nilishawahi kuua beringi mpya namna hiyo mimi mwenyewe, zamani, nikadhani nimeuziwa mbovu, nikaenda kugombana na mwenye duka bure.

Kwa hivyo hii kazi ni ya presi, ile mashine inayosukuma chuma taratibu bila kugonga. Na hata kwenye presi kuna kosa ambalo mafundi wengi wanalifanya: ukiingiza beringi kwenye chuma sukuma pete ya NJE, halafu ukiingiza habu, ile pete ya NDANI lazima iwe imeegemezwa kwa chini na kipande cha bomba kinachoienea. Usipoiegemeza, nguvu inapita kwa gololi vilevile na presi yako haina tofauti na nyundo. Ile beringi ya zamani usiitupe kabla kazi kuisha, pete yake ya nje ikichongwa kidogo inakuwa kifaa kizuri cha kusukumia mpya.

Sio lazima gari ipelekwe kwenye presi. Legeza nati kubwa ya katikati gari ikiwa bado chini na breki ya mkono imevutwa, ndio uweke jeki na stendi, chomoa breki (kalipa, ile inayobana pedi za breki, ifunge kwa waya juu, isining'inie kwa paipu yake), kisha toa kile chuma kizima, kifunge kwa gunia, panda nacho bodaboda mpaka gereji yenye presi. Ila nikuonye kuhusu ile bolti ndefu ya chini inayopita ndani ya hicho chuma. Kwenye hizi MX-5 inajulikana kwa kushika kutu, na kwa huku kwetu chumvi ya bahari iko mpaka ndani ya sukari, usitarajie itoke siku hiyohiyo. Anza kuipulizia mafuta ya kutu siku mbili tatu kabla, usiku na asubuhi, na usiipige kichwani mpaka ikapanuka kama uyoga manake hapo utaikata na gesi na hasara ni yako.

Ikishatoka habu, pete moja ya ndani huwa inabaki imeng'ang'ania shingo ya habu. Itoe kwa pula, yaani kifaa cha kuivutia, na uangalie ile shingo kwa kidole: kama ina mikwaruzo au imelika, habu pia ibadilishwe. Hapa ndipo nadhani fundi wako alipitia haraka. Shingo iliyolika inaiacha pete icheze, na beringi gani itakaa hapo? Toa kile kipete kinachozuia beringi isitoke, safisha mahali pake mpaka chuma king'ae, chembe moja tu ya mchanga inatosha kuifanya ikae upande.

Mwisho nati. Tumia mpya, na ikazwe kwa spana ya kupimia kwa namba ya kitabu cha gari, sio ile bunduki ya upepo inayokaza mpaka nati ilie. Ikilegea beringi inacheza, ikizidi inapata moto. Halafu ukingo wa nati unapigwa kwa patasi butu uingie kwenye mfereji wa shafti, isifunguke yenyewe.

Mambo mawili kabla hujanunua ya tatu. Kwanza hakikisha ni upande huo kweli. Ukiwa kwa mwendo, yumbisha gari taratibu mahali hakuna watu: ukikata kulia mzigo unaenda kushoto, kelele ikizidi hapo basi kushoto ndiko, ikipungua ukashuku kulia. Halafu inua gari, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja na mkono mwingine ushike springi yake. Beringi mbovu utaisikia inakwaruza kwenye vidole vyako hata kama sikio halisikii kitu. Tairi lililolika kwa mawimbi pia linaunguruma hivyohivyo, hamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, usikie kama kelele imehama. La pili, kama huyo Mtaliano aliweka ringi pana au spesa za kusukuma magurudumu nje ili gari ipendeze, zitoe. Gurudumu likisogea nje beringi inabeba mzigo kwa kupindwa, kama mtu anayebeba ndoo mkono umenyooshwa.

Za mbele zikija kufa usihangaike na presi, pale habu inauzwa nzima na beringi yake ndani, unafungua nati unavuta.

SWALI

Fundi, mimi ni mtu wa Lamu, gari naiacha Mokowe naipanda mashua, wakati mwingine inakaa mwezi mzima haijaguswa. Ni Subaru Impreza. Siku hizi nikiiwasha kilomita za mwanzo magurudumu yanakoroma. Kwani beringi inakufa kwa kusimama?

JIBU

Inakufa, babangu. Sili, ule mpira unaoziba beringi, ikichoka unyevu wa chumvi unaingia, na gololi zikikaa mahali pamoja mwezi mzima kutu inaanza palepale zinapogusana na pete. Umwambie kijana wa hapo Mokowe aisogeze kila wiki. Na usielekeze maji ya presha kwenye habu ukiosha. Hizo zinazokoroma zishaanza kwenda, zipime kama nilivyomwambia mwenzako wa Barani.

SWALI

Beringi yangu ya mbele yalia, gari ni MX-5 pia. Naweza kufika nayo Mombasa kwanza, nibadilishe hukohuko?

JIBU

Zaidi ya kilomita mia moja? Inua gurudumu, shika tairi mkono mmoja juu mmoja chini, utikise. Ikicheza usiende, agiza habu iletwe na basi. Isipocheza na kelele ni ndogo, zunguka nayo mjini kidogo kisha sogeza kiganja karibu na katikati ya kila ringi bila kugusa, kama moja ina moto kuliko ya upande wa pili, hiyo gari imeshalala.